Maua yetu na nyuma nyeusi: kilima kimeenda wapi?



Tangu mwezi wa tisa ukurasa wetu umejaa maua. Mmoja alituma hibiskusi nyekundu aliyoipiga asubuhi katika lupango ya wazazi wake, nyuma yake giza tupu, petali zinawaka kama makaa. Siku mbili baadaye tukaona kana ya rangi ya machungwa, kisha waridi, kisha bugenvilia, kisha ua moja la jakaranda lililookotwa barabarani na kuwekwa juu ya kitambaa cheusi. Nilianza kuhesabu, nikafika 40, nikaacha. Karibu zote ziko na nyuma nyeusi. Na chini ya kila moja tunaandika maneno yale yale: "Muzuri sana!" "Felisitasyo, mukubwa!" "Hapa unatuua!"

Leo sikuja na felisitasyo. Nataka tufanye kitu ambacho hatukifanyi mara nyingi kati yetu, yaani kusoma foto zetu sawa vile tunavyosoma kitabu: kusema hii inasimama, hii inaanguka, na sababu ni gani. Asiyependa asinikasirikie. Mimi pia niko ndani ya hesabu, na foto yenye kosa kubwa kuliko zote nitakazotaja hapa ni yangu.

Kwanza tuondoe wazo kwamba giza hilo linatoka kwa apareyi ya bei kali. Halina siri. Mwanga unapungua haraka kadiri unavyoenda mbali: ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unaofika ni robo, ukizidisha mara kumi, ni sehemu moja kwa mia. Weka taa sentimita 30 kutoka kwa ua, na ukuta uwe mita tatu kutoka kwa taa ile ile. Ukuta unapata sehemu moja kwa mia ya mwanga ambao ua linapata. Kwa jicho lako ukuta bado unaonekana, lakini kwa foto umekufa. Mchana ni hivyo hivyo: tafuta ua lililopigwa na jua huku nyuma yake kuna kivuli cha mwembe, na kazi imekwisha nusu.

Nusu ya pili ni kubishana na telefoni. Telefoni inapenda kila kitu kiwe cha wastani. Ikiona giza nyingi inafikiri umekosea, inaongeza mwanga, na hapo nyuma inakuwa kijivu cha matope na ua jekundu linakuwa doa bila mikunjo. Ndiyo maana hibiskusi nyingi za mwezi wa tisa zilionekana kama zimekatwa katika plastiki: rangi nyekundu ilijaa hadi kumwagika. Dawa yake ni kugusa ua lenyewe kwenye ekra, kisha kuteremsha mwanga kwa kidole hadi mishipa ya petali irudi. Yule dada aliyetuma kana ya machungwa alifanya hivyo. Angalieni tena foto yake: kwenye ukingo wa petali kuna manjano nyembamba kama uzi, na ndani ya koo la ua bado kuna kivuli. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesubiri. Nyingine nyingi hazikusubiri. Zilipakwa rangi baadaye kwa filtra. Ukweli, mtu anaona tofauti.

Basi kwa upande wa ufundi tunasonga mbele, hapo sina ubishi. Swali langu ni lingine. Lile giza linasema nini? Maana giza si kitu kilichokosekana tu. Mtu amechagua kuliweka, na kwa kuliweka ametoa kitu kingine.

Hii desturi ni ya zamani kuliko foto yenyewe. Pale Uholanzi, Rachel Ruysch, aliyezaliwa 1664 na kufa 1750, alichora mashada ya maua juu ya giza kwa miaka mingi sana, na watu walimlipa vizuri. Baba yake alikuwa mwalimu wa anatomia na wa mimea mjini Amsterdam, kwa hiyo binti alikua kati ya maua yaliyokaushwa na wadudu waliobandikwa. Ukiangalia michoro yake unaona petali ambazo zinaweza kukatika ukipumua. Unaona mdudu juu ya jani. Lakini unaona pia jambo la ajabu ambalo mkulima yeyote wa kule angeligundua mara moja: ndani ya chombo kimoja kuna maua ambayo hayachanui mwezi mmoja. Shada lile halikuwahi kuwepo. Lilijengwa kwenye kitambaa cha mchoro, ua moja baada ya lingine, na giza la nyuma ndilo linaloruhusu uongo huo mtamu. Bila dirisha, bila bustani, bila mbingu, hakuna anayeuliza ni mwezi gani.

Ruka hadi New York, karne ya 20. Robert Mapplethorpe, aliyezaliwa 1946, anajulikana kwa foto za uso na za mwili wa binadamu, lakini maua yake ndiyo yamesafiri mbali zaidi; mengi ya yale tunayoyaona leo kwenye kalenda na kwenye ekra za telefoni ni wajukuu wake. Tulipu, okidi, popi. Nyingi nyeusi na nyeupe, halafu nyingine za rangi kali sana, hasa mwisho wa maisha yake. Alikufa 1989 kwa ukimwi, akiwa na miaka 42. Ukijua hilo, popi zake za 1988 zinabadilika mbele yako. Ua linakuja mbele kabisa, safi, limenyooka, halina vumbi, na nyuma yake hakuna kesho. Pale giza liko na kazi. Maua yalikuwa ya kukatwa, yaliingia katika studio yakiwa yameshakufa nusu, hayakuwa na ardhi ya kurudia. Giza halikuyaibia kitu. Lilisema ukweli juu yao.

Hapo nasimama kidogo, maana katika maua yake mashuhuri kuna moja ambalo sisi tunalijua. Lile jeupe linalojikunja kama funeli, lenye kidole cha manjano katikati, wengi wetu tunaliita arum. Kule Kivu linapandwa kwenye mapango, na siku ya ndoa linashikwa na bibi harusi. Jina lake la kisayansi ni Zantedeschia aethiopica, na hilo neno la pili lisiwadanganye: halisemi Etiopia, zamani wataalamu wa Ulaya waliandika hivyo kwa kumaanisha Afrika tu. Kwao hasa ni kusini mwa Afrika, fasi zenye maji, kando ya mito na ndani ya mabwawa, mizizi iko kwenye tope. Lile ua linalotundikwa katika majumba ya sanaa kama mfano wa usafi na utulivu wa kizungu ni mtoto wa tope la Afrika. Katika foto zake tope haliko. Sisemi Mapplethorpe alikosea. Yeye alichukua ua la duka, na duka lilikuwa limekwisha kulisahau tope kabla yake. Nasema tu kwamba giza liliziba mlango wa mwisho ambao mtu angepitia kuuliza: hili linatoka wapi?

Sasa nije kwangu.

Nilipoandika memwari yangu, nilichagua mimea ya vilima vya shaba. Kwa wale wa Bukavu, Goma na Bunia ambao hawajui: katika Katanga, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kuna vilima zaidi ya 100 ambavyo udongo wake umejaa shaba na kobalti. Pembeni yote ni miombo, miti mingi. Ukifika kwenye kilima miti inakatika ghafla, kama mtu aliyenyolewa kipara. Shaba nyingi ni sumu kwa mizizi ya miti. Wazungu waliokuja kutafuta madini walijifunza kusoma vipara hivyo kutoka mbali, na wazee wetu waliotengeneza misalaba ya shaba walikuwa wamevisoma zamani sana kabla yao.

Lakini kipara hakiko tupu. Kuna majani na maua ambayo yamezoea ile sumu, na karibu aina 30 hazioti popote pengine duniani isipokuwa juu ya udongo huo wa Katanga. Mbelgiji Paul Duvigneaud aliandika juu ya mimea hii tangu miaka ya 1950, na wataalamu wa Lubumbashi wameendelea hadi leo. Ile inayojulikana zaidi ni Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Ni jamaa ya mnanaa, mmea mdogo wa kufika magotini, na maua yake yako katika vichwa vidogo vya rangi ya zambarau. Haupendezi kwa mbali. Lakini umesaidia hata wachunguzi wa mambo ya kale: fasi ambapo watu walikuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi zilizopita, udongo ulibaki na shaba, na mmea huu unajitokeza pale kama saini. Watu walihama, tanuri zilianguka, ua likabaki likisema "hapa."

Fikirini vizuri: ua ambalo maana yake yote ni neno "hapa."

Na mimi nililifanya nini? Nilipanda kilima na rafiki yangu mmoja, mwisho wa mvua, na kipande cha kitambaa cheusi kizito ambacho mama alikuwa amekitoa kwenye mapazia ya zamani. Yule rafiki alishika kitambaa nyuma ya kila mmea, mimi napiga. Alilalamika mkono unauma. Nilimwambia avumilie, juri watashangaa. Foto zilitoka nzuri, sidanganyi. Zambarau juu ya nyeusi ni rangi inayokaa vibaya kwenye foto za kawaida, inakimbilia bluu. Siku ile ilikubali. Kila nywele ndogo ya shina ilionekana. Nilizitia zote kwenye memwari, kurasa nzima, na sehemu ya picha ya kilima chenyewe niliiacha kwa sababu wakati nilipotaka kuipiga batri ilikuwa inaisha na niliona kilima ni majani makavu tu, kina uzuri gani?

Siku ya kujitetea, mzee mmoja wa juri alifungua ukurasa, akaangalia muda mrefu. Akasema kwa upole, "Mwanangu, hii mimea uliifotoa ku kilima ao ku meza?" Watu wakacheka. Nikajibu kwamba ilikuwa ku kilima, baba, mimi mwenyewe nilikuwa pale. Akauliza, "Sasa kilima iko wapi?" Nikaonyesha jedwali: jina la fasi, tarehe, vipimo vya udongo. Akakubali, akanipa pointi. Lakini alifunga ile memwari kama mtu anayefunga zawadi ya mtu mwingine.

Nilimkasirikia mwaka mzima. Nilisema: wazee hawa hawajui foto.

Halafu nilirudi kule. Sitasema kilima gani wala nani alikuja na mashine. Haki hiyo iko na wengine wa kuifuata, na hapa ninaandika juu ya foto. Kilima hakikuwepo. Palikuwa na shimo lenye ngazi-ngazi, maji ya kijani chini, na lori. Nilisimama kwenye barabara mpya, nikafungua telefoni, nikatafuta foto zangu za siku ile ili nimwonyeshe kijana tuliyekuwa naye kwamba hapa, juu kabisa, palikuwa hivi na hivi. Zilikuwa 26. Zote na nyuma nyeusi. Hakuna hata moja ambayo ukingo wake ulikamata jiwe, au mteremko, au ule mstari ambapo miti inakatika. Kijana akaangalia, akasema kwa heshima, "Maua muzuri, yaya. Ni ya ku Ulaya?"

Bandugu, nilinyamaza.

Mtu anaweza kunijibu: hata wataalamu wanang'oa mmea, wanaukausha, wanaubandika kwenye karatasi nyeupe, nao wameutoa kwenye ardhi yake. Ni kweli. Karl Blossfeldt pia, yule mwalimu wa Berlin ambaye kitabu chake cha mwaka 1928 kilifanya shina la mmea lionekane kama chuma kilichofuliwa, alikata na kupunguza majani ili umbo lionekane vizuri. Lakini karatasi ya herbario iko na lebo pembeni: fasi, tarehe, udongo, jina la aliyekusanya. Bila lebo hiyo mtaalamu anakutupia karatasi yako. Na Blossfeldt alitaka kufundisha wanafunzi wa sanaa maumbo, hakudai kuonyesha bonde fulani. Kila mmoja alijua anatoa nini na anabakiza nini. Mimi sikujua. Nilichukua nguo ya studio ya New York nikaivalisha ua la kilima cha Katanga, kwa sababu tu nilikuwa nimeona kwamba uzuri unavaa hivyo.

Sasa turudi kwenye ukurasa wetu, maana si mimi peke yangu. Niliandikia wenzangu watatu faraghani, nikauliza kwa nini wameweka nyuma nyeusi. Wa kwanza alisema ni mtindo. Wa pili alisema kwetu nyeusi ni heshima: mtu akifa tunaweka waridi jekundu juu ya nyeusi kwenye sitati, basi ua juu ya nyeusi linaonekana jambo la maana. Hilo limenipa kufikiri, lakini nalipita. Wa tatu, yule wa bugenvilia, alichukua siku mbili kunijibu. Kisha akaandika: "Nyuma kulikuwa ndoo, nguo za mtoto, na ukuta wa choo. Nilisikia haya."

Jibu hilo ndilo linaloeleza ukurasa mzima. Hatufichi tu vurugu ya rangi, tunaficha lupango. Tuko na diplome, hatuko na kazi, tunaishi bado kwa wazazi, na telefoni inatupa njia ya kukata sentimita kumi za maisha yetu ambazo zinang'aa na kuzima mengine yote. Sitamcheka mtu kwa hilo. Mama yangu pia alikuwa akifunika meza mbovu kwa kitambaa kizuri mgeni akija, na hakuna aliyemwita mwongo. Ila kuna tofauti kati ya kupokea mgeni na kufanya sanaa. Mgeni anaondoka jioni. Foto inabaki, na kesho mtoto yule mwenye nguo zile atataka kuona lupango alikokulia, ataona bugenvilia ikielea katika usiku usio na anwani.

Kwa hapa tuko na mwalimu wa karibu, na sielewi sababu hatumtaji. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, 1978. Katika mfululizo wake wa mwaka 2006 unaoitwa Mémoire, alichukua watu kutoka foto za zamani za nyeusi na nyeupe, wafanyakazi wa migodi na wakubwa wa kikoloni, akawakata kutoka nyuma yao ya zamani. Hadi hapo anafanya kama sisi: anakata. Lakini hakuwaweka juu ya giza. Aliwasimamisha ndani ya foto za rangi za leo, katika mabaki ya Gécamines, kwenye kutu, kwenye majani yaliyoota kati ya vyuma. Mtu aliyekufa zamani anasimama mbele ya tanuri iliyokufa juzi, na wewe unalazimika kuuliza kilichotokea katikati. Nguvu yote ya zile kazi iko nyuma ya mtu. Ukizitia nyuma nyeusi zinakuwa foto za pasipoti.

Na kuna jambo dogo la kuchekesha, kama mtu anaweza kucheka. Ndani ya batri za telefoni zetu kuna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka kwenye udongo wa vilima hivi hivi. Jiwe lenyewe, heterojeniti, ni jeusi. Kwa hiyo siku ile mimi nilikuwa nimesimama juu ya weusi wa kweli, nimebeba kipande chake mfukoni, na bado nilimsumbua rafiki yangu ashike pazia la mama.

Nimesema nitasoma foto zetu, basi nimalize na moja ambayo kwangu inazidi zote. Haikupata felisitasyo nyingi. Nadhani watu wanne. Iliwekwa mwisho wa mwezi wa tisa na dada mmoja wa promosyo ya nyuma yetu, bila maelezo. Kwa haraka unadhani ni sawa na nyingine: ua dogo la manjano, kali sana, karibu linapiga kelele, na kuzunguka kwake weusi. Nilipita. Nikarudi kesho yake, nikaipanua kwa vidole.

Weusi ule si pazia. Ni majivu. Mnajua vile kwetu kiangazi kinaisha: watu wanachoma majani, moto unatembea wiki nzima, na kabla ya mvua ya kwanza, juu ya ardhi iliyoungua, kuna mimea inayotoa ua kutoka chini hata majani yake hayajatoka. Chakula kiko kwenye mzizi, moto umeondoa kivuli cha nyasi, ua linapata jua lote peke yake. Hakuna studio inayoweza kutengeneza mwanga huo. Yule dada alilala chini, unaona kwamba objektifu iko karibu na ardhi, na mwanga ni wa asubuhi, unatoka kushoto. Aliteremsha mwanga vizuri, manjano haikumwagika, kila petali iko na mstari wake. Kwa ufundi peke yake ingeshinda.

Lakini endelea kupanua. Majivu si nyeusi moja: kuna nyeusi ya mkaa, kuna kijivu, kuna vishina vya nyasi vilivyobaki kama ndevu. Upande wa kulia kuna alama ya kandambili. Mtu alipita pale baada ya moto, na aliona ua, maana hatua yake inapinda kidogo kulizunguka. Juu kabisa, hafifu, nusu imezama katika giza la kivuli, kuna kichuguu kikubwa na mti mmoja ulioungua upande mmoja tu. Giza lipo, rangi kali ipo, kila kitu tunachokipenda katika mtindo huu kipo. Na dunia haikufukuzwa.

Iko na kosa, tuseme vilevile. Kona ya chini ina kidole chake, au kamba ya begi, sijui. Angeweza kuikata. Mimi nafurahi hakuikata.

Nilimwandikia nikauliza jina la ua. Akajibu hajui, na kweli bila majani hata mimi siwezi kusema, ningebahatisha tu. "Lakini fasi naijua," aliandika. "Unaona kile kichuguu na ule muti wa kuungua? Ni nyuma ya shamba ya kaka. Sasa mvua imenyesha, majani yametoka. Kuya tuangalie." Tunaenda Jumamosi, teksibisi ya saa kumi na mbili asubuhi.